Mgongo ukiuma usijifungie kitandani



Wiki hii naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka 2014, nikiwa afisa tabibu ambaye sijatimiza miaka miwili kazini katika kituo cha afya kimoja mkoani Tanga, aliletwa kwangu mzee mmoja fundi seremala. Alikuwa ameinama kunyanyua ubao wa mninga, mgongo ukamshika palepale. Vijana wake wawili walimkongoja, mmoja kulia na mwingine kushoto. Nilimpima, sikuona dalili ya hatari, nikamwandikia dawa ya maumivu, kisha nikampa agizo nililofundishwa chuoni: "Mzee wangu, toa godoro, lala chali juu ya ubao, usinyanyuke ila kwa haja. Wiki tatu."

Mzee alinitii kuliko nilivyostahili. Alilala wiki tatu, akaongeza na ya nne kwa tahadhari. Mkewe akawa anamletea maji ya kutawadhia kitandani, naye akiswali kwa ishara, na msikitini ambako hakuwa akikosa swala ya Alfajiri watu wakaanza kuulizana kama yu hai. Aliporudi kwangu mapaja yalikuwa yamekonda, magoti yanatetemeka, akisimama anasikia kizunguzungu. Na mgongo bado unauma. Wateja wake nao walikwisha kwenda kwa fundi mwingine.

Nikampa rufaa kwenda hospitali kubwa, kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono. Mtaalamu wa huko, dada mmoja mpole, alisoma barua yangu, akageuza karatasi na kuniandikia nyuma yake mstari mmoja: kulazwa namna hii kuliachwa zamani, tafadhali soma. Niliona haya. Kisha nikasoma.

Ndugu msomaji, nilichokikuta si siri wala si kipya. Mwaka 1986 daktari Richard Deyo na wenzake, huko Texas, Marekani, waliwachukua wagonjwa 203 wa maumivu ya mgongo, wakawagawa kwa kura. Kundi moja liliambiwa lipumzike kitandani siku mbili, la pili siku saba. Waliolala siku mbili walikosa kazini wastani wa siku 3.1, na wale wa siku saba wakakosa siku 5.6. Hakuna faida nyingine waliyoipata wale waliolala zaidi.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1995, watafiti wa Ufini wakaenda mbele zaidi. Waliwachukua wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki walioshikwa na mgongo. Baadhi waliambiwa walale siku mbili, wengine wakapewa mazoezi maalumu ya mgongo, na kundi la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake za kawaida kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa kundi la tatu. Waliochelewa kuliko wote ni waliolala. Na angalia jambo hili, maana wengi hulipita: hata mazoezi maalumu, katika zile siku za mwanzo za maumivu makali, hayakuishinda kazi ya kawaida ya mtu.

Hata ule ubao niliomlazia mzee wangu ulikuwa umepimwa. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania wa watu 313 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Nusu walipewa godoro gumu, nusu godoro la ugumu wa kadiri. Wale wa godoro la kadiri ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo mimi, mwaka 2014, nilimvua mzee wa watu godoro lake kwa elimu ambayo ilikuwa imekwisha pitwa kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwa nini kulala kunadhuru? Msuli usiotumiwa mwili huupunguza, kama duka linavyoacha kuagiza bidhaa isiyonunuliwa. Moyo nao hulegea. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya njema, wa umri wa miaka 20 hivi, walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Watu hao hao walipimwa tena miaka 30 baadaye. Ikaonekana kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliushusha uwezo wa miili yao kufanya kazi kuliko ilivyoushusha miaka 30 ya kuzeeka. Wale walikuwa vijana wasio na ugonjwa wowote. Sasa fikiria mzee wa miaka sitini na tano.

Utauliza, kama haya yalijulikana tangu 1986 na 1995, mbona mimi nilifundishwa vingine? Mwalimu wangu alitufundisha alichofundishwa yeye, kwa daftari lake la zamani, kwa nia njema kabisa. Sisi tuliopita madrasa tumezoea kuuliza sanadi: habari hii imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani? Lakini ajabu, nilipovaa koti jeupe nikayapokea maagizo ya tiba bila kuuliza lolote. Aidha, katika tiba sanadi peke yake haitoshi. Mwalimu mwaminifu anaweza kupokea dawa kwa mwalimu mwaminifu, na dawa yenyewe isiwe na faida. Ni lazima ipimwe kwa wagonjwa, kundi kwa kundi, na matokeo yahesabiwe.

Kuna wanaodhani kupima huku ni anasa, kwamba busara ya kawaida yatosha: kama kulala kunadhuru, basi kila mgonjwa anyanyuliwe haraka. Hapana. Chukua mfano wa kiharusi. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Australia, Julie Bernhardt, na wenzake walitaka kujua kama mgonjwa wa kiharusi akianza kuketishwa, kusimamishwa na kutembezwa mapema sana, ndani ya saa 24 na mara nyingi kwa siku, atapona zaidi. Walifuatilia wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano. Matokeo yalitoka mwaka 2015, na hayakuwa yale waliyoyatarajia. Katika kundi lililonyanyuliwa mapema na kwa wingi, asilimia 46 walikuwa na hali nzuri baada ya miezi mitatu. Katika kundi la huduma ya kawaida, ambalo nalo lilinyanyuliwa lakini kwa kiasi kidogo zaidi, walikuwa asilimia 50. Hivyo familia yenye mgonjwa wa kiharusi isimburuze kutoka kitandani siku ya kwanza kwa kudhani inamsaidia. Imsikilize mtaalamu wa wodi kuhusu lini na kiasi gani.

Nimelitaja hilo ili uone kwa nini mtaalamu wa viungo hana budi kuendelea kusoma hata baada ya cheti chake kutundikwa ukutani. Na sasa hawezi kusema hana pa kusomea. Tangu mwaka 1999, wataalamu wa Sydney, Australia, wamekuwa wakikusanya tafiti za fiziotherapia katika hazina moja iitwayo PEDro, ambayo hutazamwa bure kwenye intaneti, hata kwa simu. Imeshapita tafiti na miongozo 60,000, na majaribio mengi yamepewa alama kati ya 0 na 10 kulingana na ubora wa namna yalivyofanywa. Upo pia mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza mwaka 2002, unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya tiba ambayo kwingine hulipiwa fedha nyingi. Mimi hujiwekea Alhamisi jioni, baada ya Maghrib, karatasi moja tu. Mke wangu anaijua saa hiyo, na watoto wamekwisha jua kuwa baba akishika simu wakati huo hachezi.

Tuje kwenye mgongo wako wewe. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu ya muda mrefu ya kiuno na mgongo wa chini, yasiyotokana na ugonjwa mwingine uliojificha. Mwongozo unasisitiza mgonjwa aelimishwe kuhusu hali yake na afanye mazoezi. Hauipendekezi mikanda ya mgongo, hii inayouzwa hata pembezoni mwa stendi za mabasi. Haupendekezi kuvutwa mgongo kwa uzito, wala dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Ukiwa na mkanda wako kabatini sikuambii uutupe, lakini ukija kuuziwa mwingine, fedha hiyo nunulia viatu vizuri vya kutembelea.

Ndiyo, kutembea. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walichapisha habari za watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya mgongo. Sehemu yao waliongozwa na wataalamu wa fiziotherapia kutembea, wakianza kidogo na kuongeza taratibu hadi wakaribie dakika 30 kwa siku, mara tano kwa wiki. Wengine hawakupewa mpango wowote. Kwa waliotembea, mgongo ulikaa wastani wa siku 208 kabla ya kurudi tena. Kwa wengine, siku 112. Kama msikiti wako uko mwendo wa dakika kumi na tano, kwenda na kurudi ni dozi kamili. Na mama wa nyumbani naye ana haki ya dakika zake 30 nje ya jiko, maana ndoo za maji na mtoto mgongoni haviingii katika hesabu hiyo.

Wengi huniuliza kuhusu swala. Rukuu na sijida ni mwendo wa mwili, na mwenye maumivu ya kawaida ya mgongo hadhuriki kwa kuinama polepole na kuinuka polepole, akishika ukuta au kiti akihitaji. Asiyeweza, sheria imemrahisishia. Hadithi ya Imran bin Huswayn iliyomo katika Bukhari inajulikana: asiyeweza kusimama na akae, asiyeweza kukaa na aswali kwa ubavu. Ninachokiona zahanati ni watu wanaokwenda kwenye kiti siku ya kwanza ya maumivu na kubaki hapo mwaka mzima, mgongo ulikwisha pona siku nyingi. Kila baada ya siku chache jaribu tena. Suala la hukumu muulize sheikh wako, la mwili niulize mimi.

Na wale wanaokwenda kwenye hijama kwa ajili ya mgongo, nina neno moja la usafi. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako, na vikombe viwe vya kutumika mara moja. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi havitazami nia ya mtu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu si kila mgongo ni wa kutembezwa. Ukiona mgongo unauma na miguu inakosa nguvu, au ganzi imeshika sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mkojo umezuia au unatoka bila kujijua, au huwezi kuzuia haja kubwa, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, au aliyegongwa na pikipiki. Mwenye homa, jasho la usiku, anayekonda bila sababu au anayeumwa zaidi usiku akiwa amelala, apimwe haraka: kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo, na saratani huweza kuanza kujionyesha hapo. Hao wote mazoezi yao yatakuja baadaye, kwa amri ya daktari.

Ukifika kwa mtaalamu wa fiziotherapia, usione haya kumuuliza. Tiba hii unayonipa imepimwa kwa wagonjwa kama mimi? Nyumbani nifanye nini mwenyewe, mara ngapi? Tukiona haisaidii baada ya wiki kadhaa, tutabadilisha nini? Mtaalamu anayesoma hukasiriki kwa maswali haya, anafurahi. Ukiona kila siku unalazwa kwenye mashine, unalipa na kurudi nyumbani bila kufundishwa zoezi hata moja, hapo uliza kwa nguvu zaidi.

Yule mzee seremala alifundishwa na yule dada kutembea uani, kisha hadi kwa jirani, kisha hadi msikitini. Ilimchukua kama miezi mitatu kurudi kwenye randa yake, na mbao nzito sasa wanabeba vijana. Nilikwenda nyumbani kwake kumuomba radhi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, nikamweleza yote, kwamba nilimpa agizo la zamani lililokwisha kuachwa. Alinyamaza kidogo, akamwita mkewe alete kahawa.

Kisha akaniuliza: "Na hili la sasa, mwanangu, nalo litaachwa lini?"

Nikamwambia: "Likiachwa, baba, nitakuja kukuambia mwenyewe."

"Basi uje mapema," akasema. "Wiki nne nyingine sina."