Mtoto wa kuokotwa: dhamana ya nani?



Ndugu msomaji, anayeifahamu Sumbawanga anaijua baridi yake. Mji huo umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Inapofika Juni na Julai, mahindi yakiwa yamevunwa na mashamba yamebaki mabua matupu, upepo wa usiku humtetemesha hata mtu mzima aliyejifunika blanketi mbili. Kichanga kilichoviringishwa kwenye kipande cha kanga na kuachwa pembezoni mwa shamba ni vigumu kifike adhana ya alfajiri kikiwa hai. Kikifika, ni kwa kuwa Mwenyezi Mungu alimpitisha mtu mapema akasikia kilio.

Habari za vichanga kuokotwa tunazisoma kutoka mikoa yote ya nchi yetu, na tumezizoea mno. Huandikwa kwa aya tatu au nne: mtoto kaokotwa, polisi wanamtafuta mama. Kesho yake hakuna anayeuliza mtoto yule alipelekwa wapi, nani anamnyonyesha na ataitwa nani. Hilo ndilo tunalotaka kuliuliza leo, kwa sababu mjadala wa utoaji mimba katika misikiti yetu huishia penye neno "haramu", na mtoto aliyenusurika hubaki nje ya mlango wa msikiti.

Tuanze na hukumu yenyewe. Qur'ani katika Surat Al-An'am aya ya 151 na Surat Al-Israa aya ya 31 imekataza wazazi kuua watoto wao kwa sababu ya umaskini au kuuogopa, na ikabainisha kuwa riziki ya mtoto na ya mzazi inatoka kwa Mola mmoja. Surat At-Takwir imetaja siku ambayo binti aliyezikwa akiwa hai ataulizwa aliuawa kwa dhambi gani. Kuhusu mtoto aliye tumboni, Hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim ndiyo inayotegemewa na wanazuoni wengi katika kusema kwamba roho hupuliziwa zikitimia siku 120. Baada ya hapo wamekubaliana kuwa kuitoa mimba ni haramu, isipokuwa pale maisha ya mama yanapokuwa hatarini.

Kabla ya siku hizo wametofautiana, na si vizuri kuwaficha wasomaji tofauti hiyo. Wako Mahanafi walioruhusu kukiwa na udhuru. Wengi wa Wamaliki wamekataza tangu mimba inapotunga. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika Afrika Mashariki, kauli ni zaidi ya moja, na Imam Al-Ghazali amelihesabu tendo hilo kuwa ni uhalifu tangu hatua za mwanzo, ambao uzito wake huzidi kadiri mimba inavyokua. Baraza la Fiqhi la Makka lilipokutana mwaka 1990 liliruhusu kabla ya siku 120 iwapo madaktari wanaoaminika wamethibitisha kuwa mtoto ana ulemavu mkubwa usiotibika. Tofauti zote hizi zinahusu udhuru na muda. Hatujapata mwanachuoni anayetegemewa aliyesema kwamba aibu ya familia peke yake inatosha kuua mtoto aliyekwisha kupuliziwa roho.

Sheria ya nchi nayo ni kali. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 150, inampa anayemtoa mwanamke mimba kifungo cha hadi miaka 14; kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 230 kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Kwa upande mwingine, mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo ya haki za wanawake wa Afrika, ambayo ibara yake ya 14 inazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na maharimu wake, au ambaye mimba inahatarisha afya au maisha yake. Hapo ndipo mjadala ulipo: watetezi wa haki za wanawake wanataka sheria ya ndani ifuate itifaki, na viongozi wengi wa dini, Waislamu na Wakristo, wanapinga.

Wakati wakubwa wanajadiliana, wanawake wanatoa mimba. Utafiti wa Taasisi ya Guttmacher, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Chuo Kikuu cha Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kuwa mwaka 2013 zilitolewa mimba zipatazo 405,000 nchini, na wanawake wapatao 66,600 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Katika Nyanda za Juu Kusini, ukanda ambao Rukwa ilikuwa ikihesabiwa humo, makadirio yalikuwa mimba 47 kwa kila wanawake 1,000 wa umri wa kuzaa. Kwa nchi nzima 36, na Zanzibar 11.

Wapo watakaoishika hiyo 11 na kuifanya sifa yetu Waislamu. Tusiwe na haraka. Ni Zanzibar hiyohiyo iliyokuwa na sheria ya mwaka 1985 iliyompeleka jela msichana asiye na mume aliyeshika mimba, mpaka ilipobadilishwa mwaka 2005 na kifungo kikaondolewa. Mahali ambapo mimba yenyewe ni kesi, mengi hufichwa, na makadirio ya watafiti hayafiki kila chumba.

Turudi Ufipa. Rukwa imepakana na Katavi upande wa kaskazini, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa yenyewe mwaka 2012, na Songwe upande wa kusini mashariki. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016, Katavi iliongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 Songwe ilishika nafasi hiyo, nayo kwa asilimia 45, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 22. Wasichana hawa wengi ni wanafunzi au walikuwa wanafunzi. Shule ya kata iko mbali na kijiji, mzazi anampangia binti chumba karibu na shule, na binti wa miaka 15 anaishi peke yake akijipikia na kujilinda. Anayempa mimba mara nyingi ni mtu mzima mwenye fedha ndogo ya kumpa. Mwezi Juni mwaka 2017 Rais John Magufuli alitangaza kuwa mwanafunzi aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali; marufuku hayo yaliondolewa Novemba 2021. Kwa zaidi ya miaka minne, binti aliyegundua kuwa ni mjamzito aliona njia mbili tu, na moja kati ya hizo ilikuwa ni kwenda kwa mtu wa mizizi na vijiti.

Na nyumbani je? Hapa tunazungumza na wewe mzazi. Binti anapoogopa kumwambia mama yake, ni kwa kuwa anajua baba atasema nini. Atafukuzwa, au mama yake ataambiwa ahame naye. Mtoto akizaliwa ataitwa mwanaharamu na watu wanaosali swala tano. Neno hilo tunalitamka kwa wepesi sana, hata katika ugomvi wa sokoni, tukisahau kuwa Qur'ani imesema zaidi ya mara moja kuwa hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Haramu ni tendo la wawili. Mtoto aliyezaliwa hana dhambi hata moja, ana nasaba kwa mama yake, anamrithi mama yake na mama yake anamrithi. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno jingine, kigego, kwa mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, ambaye alidhaniwa kuwa ana nuhusi na zamani aliuawa au kutupwa. Leo tunawashangaa kwa ujahili ule. Wajukuu wetu watatushangaa sisi kwa hilo letu.

Yuko mwanamke wa kabila la Ghamid, ambaye kisa chake kimo katika Sahih Muslim, aliyemjia Mtume (S.A.W.) akiwa mjamzito na kukiri zinaa. Wasimuliaji wengi hukitaja kwa ajili ya adhabu yake. Sisi tunaomba msomaji akitazame kwa upande wa mtoto. Mtume alimrudisha mpaka ajifungue. Alipojifungua alimrudisha tena mpaka amwachishe ziwa. Na mtoto alipoanza kula akakabidhiwa mtu katika Waislamu. Hukumu nzima ilisimama kwa zaidi ya miaka miwili ili mimba ile iishi, inyonye na ipate mlezi.

Mafakihi wamemfungulia mtoto aliyetupwa mlango mzima katika vitabu vyao. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa madrasa nyingi za mwambao wetu, ameeleza kuwa kumwokota ni faradhi ya kutosheleza: akimchukua mmoja, wengine wamesalimika, wasipomchukua, wote waliojua wamepata dhambi. Humwita kwa majina mawili, manbudh, yaani aliyetupwa, na laqit, yaani aliyeokotwa. Jina la kwanza limetokana na walilotenda wazazi, la pili limetokana na wanachotakiwa kutenda Waislamu. Gharama zake, ikiwa hakukutwa na mali, ni za hazina ya Waislamu, na hazina isipokuwapo ni za wenye uwezo miongoni mwao.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha mtu aliyeokota kichanga zama za Sayyidna Umar (R.A.) akampeleka kwake. Umar kwanza alimtilia shaka: kwa nini umemchukua? Alipothibitishiwa kuwa ni mtu mwema, alimwambia aende naye, mtoto ni huru, na matumizi yake yatatoka katika hazina. Shaka ile ya Umar ina mafunzo. Wapo watu leo wanaopita kando wakisikia kilio vichakani kwa kuogopa kuhojiwa polisi. Kwa Mashafii, kauli sahihi zaidi ni kwamba kushuhudisha watu unapookota mtoto ni wajibu, ili uhuru na nasaba yake vihifadhiwe. Basi ita majirani wawili, mpeleke mtoto hospitali, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii. Ukimkuta mama mwenyewe, au binti anayevuja damu baada ya kutoa mimba, mfikishe hospitali kwanza. Maneno ya toba yana wakati wake.

Katika jambo hili makanisa yametutangulia Rukwa, na kulisema hilo si aibu. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadri Weupe, walipokabidhiwa ngome ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, walilea pale watoto waliokombolewa kutoka katika misafara ya watumwa, misafara ambayo, tuseme kweli, baadhi ya wenye nayo walikuwa na majina kama yetu. Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga imepewa jina la Adrien Atiman, mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi, akauzwa, akakombolewa na mapadri hao, akasomea utabibu Malta na kuwatibu watu wa Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Sisi Waislamu wa Ufipa ni wachache, lakini faradhi ya kutosheleza haikusubiri tuwe wengi. Kamati ya msikiti inaweza kumpelekea afisa ustawi wa jamii orodha ya familia 5 zilizo tayari kupokea mtoto, na kutenga fungu la maziwa na nguo. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Wengi huuliza: je, Uislamu si umekataza kuasili? Umekataza kumbadilisha mtoto nasaba. Zayd bin Haritha (R.A.) aliitwa mwana wa Muhammad mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab, naye akarudishiwa jina la baba yake, na wasiojulikana baba zao, aya hiyohiyo imewafanya ndugu zetu katika dini. Kulea hakukukatazwa, Mtume (S.A.W.) ameahidi kuwa karibu peponi na mlezi wa yatima kama vidole viwili vya mkono mmoja vilivyo jirani. Zanzibar, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 imeitambua kafala kwa jina lake. Huku Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina njia mbili: kuasili, ambako hukata uhusiano wa kisheria na wazazi wa asili na huamuliwa mahakamani, na malezi ya kambo, ambako familia hupewa mtoto imlee bila ya kumbadilisha nasaba. Njia hii ya pili ndiyo iliyo karibu na kafala, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kuanzia.

Yamebaki mambo mawili ambayo familia huyaogopa. La kwanza ni umaharimu mtoto atakapobaleghe. Mama wa nyumba akiwa ananyonyesha na akamnyonyesha mtoto kabla hajatimiza miaka miwili, mara tano kamili kwa madhehebu ya Shafii, umaharimu umepatikana na hofu hiyo imeondoka. La pili ni mirathi. Mtoto wa kulea harithi kwa nasaba, kwa hiyo mlezi akifa ghafla mtoto anaweza kutolewa nyumbani na ndugu wa marehemu siku ya arobaini. Sheria imeacha mlango wa wasia: kila Muislamu ana haki ya kumwandikia asiyekuwa mrithi mpaka theluthi moja ya mali yake. Wasia huo uandikwe mtoto angali mdogo, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na nakala moja iwekwe kwa imamu.

Wallahu aalam.