Kisu au Panga? Jawabu kwa Wanachama Waliouliza



Katika mikutano ya matawi swali moja limekuwa likirudi kila mara: mtu mwenye fedha ya kununua chuma kimoja tu cha kukatia, anunue panga au anunue kisu cha wastani? Wako wanaouliza kwa sababu ya bei, na wako wanaouliza kwa sababu wamechoka kuona panga moja la nyumba likifanya kila kazi, tangu kufyeka majani mpaka kukata tawi la mkarafuu. Twataka kulijibu hapa kwa urefu kidogo, maana tumetambua kuwa swali hili si la dukani tu, lagusa uhai wa miti yetu.

Kwanza tuelewane. Hatusemi visu vya kukunja vya mfukoni. Hivyo vyafaa kumenyea chungwa, lakini shambani kiungo chake hulegea upesi na kisu hukufungia vidole. Twasema chuma kilichokazwa katika mpini wake, kisichokunjika. Cha wastani ni chenye bamba la inchi 5 au 6. Kikubwa ni panga, ambalo bamba lake huwa inchi 16 mpaka 18, pengine zaidi. Baina yao kuna sime na mundu, navyo tunaviacha leo.

Mwaka jana wawili katika sisi tulipata safari ya Bara, mpaka Bondeni, yaani nchi tambarare ya Kyela iliyo ukingoni mwa Ziwa Nyasa kwa upande wa kaskazini. Tulikwenda kutazama kakao, kwa kuwa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania yatoka huko, na hapa visiwani wapo wanachama wanaotamani kujaribu zao hilo chini ya minazi. Habari za kakao yenyewe tutaziandika siku nyingine. Lililotukaa moyoni zaidi ni namna wakulima wa kule wanavyogawa kazi baina ya vyuma viwili, na papo hapo tukakumbuka lile swali la matawini.

Ukishuka kutoka Tukuyu unaacha baridi na chai nyuma yako, unaingia katika joto la ziwani. Mvua yao ni nyingi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mpunga uko mabondeni, na penye ardhi iliyoinuka kidogo kuna migomba, miembe na kakao chini ya kivuli chake. Nchi ya namna hiyo huota majani usiku na mchana. Kwa hiyo hakuna nyumba isiyo na panga, na asubuhi husikia kitu kingine ila majogoo na mapanga yakinolewa.

Mzee aliyetupokea tulimwita tata, kama watoto wake wamwitavyo. Alikuja shambani na panga mkononi na kisu kiunoni ndani ya ala ya ngozi. Kwa panga alitufungulia njia, akakata mgomba ulioanguka, akachonga mti wa kutegemezea mkungu. Tulipofika penye kakao akalilaza panga chini, akachomoa kisu. Mwenzetu mmoja, kwa kutaka kusaidia, akaliokota lile panga akaliendea tunda lililoiva. Tata akamshika mkono kwa upole.

“Hapana, mgeni wangu. Hilo kazi yake imekwisha. Hapa nimelilaza.”

Kisha akatuonyesha sababu. Kakao haizai nchani mwa matawi kama mkarafuu. Ua lake hutoka katika gome la shina na la matawi makubwa, juu ya kinundu kidogo, na kinundu hicho hicho ndicho kitakachotoa maua tena msimu ujao na misimu mingine. Mtu akikibandua, au akikijeruhi, mahali pale pamekwisha kuzaa. Basi tata alishika tunda kwa mkono wa kushoto, akapitisha kisu katika kikonyo karibu na tunda, akabakisha kipande kidogo juu ya mti. Ilikuwa kazi ya kuvuta mara moja tu. Matunda ya juu aliyakata kwa kisu kilichopindwa kama ndoano na kufungwa kwenye mti mrefu, mfano wa upembo wetu wa kuvutia matawi, ila wenye makali.

Wakati wa kupasua matunda mwenzetu yule hakukoma. Alilikamata tunda kiganjani, akalipiga kwa panga. Panga likapita tunda zima, likamchubua kidole cha shahada. Ashukuru Mungu, lilikuwa pigo la woga! Tata akamfunga kitambaa, akatuambia kuwa yeye hupasua kwa kugonga na kigongo cha mti, kwa sababu hata panga lisipokata mkono hukata mbegu, na mbegu iliyokatwa huingia ukungu. Mwenzetu ametuomba tusilitaje jina lake.

Sasa tueleze kwa nini ni hivyo, maana mtu akiijua sababu atachagua mwenyewe bila kusubiri jarida.

Panga hukata kwa uzito na mwendo. Uzito wake uko mbele, mbali na mkono, na nguvu yake yatoka katika kuzungusha mkono kuanzia begani. Ndiyo maana lafyeka vichaka kwa raha. Lakini pigo likishatoka huwezi kulirudisha, wala huwezi kusema lisimame nusu inchi kabla ya gome. Tena lataka nafasi. Kisu cha wastani hakina uzito wa kutosha kupiga, hukata kwa kuvutwa, na nguvu yote iko chini ya vidole. Kinakwenda pale unapokipeleka na kinasimama unapokisimamisha. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe “kipi kina nguvu zaidi?” bali “nitakapokata, kitu kilicho nyuma ya ninachokikata ni nini?” Kama ni majani mengine, chukua panga. Kama ni gome la mti unaoutegemea, au mkono wako, chukua kisu.

Nasi wenye mikarafuu jambo hili latuhusu kuliko wenye kakao. Mkarafuu una mti mkavu, tawi lake hukatika kwa ghafla na kuchana gome kuteremka shinani. Mapema katika miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts, waliofanya uchunguzi hapa Zanzibar, walionyesha kwamba ugonjwa wa kukauka matawi huletwa na kuvu iitwayo Cryptosporella eugeniae, nayo huingilia penye kidonda. (Huu si ule ugonjwa wa mkarafuu kufa ghafla, ule una kuvu yake nyingine, Valsa eugeniae.) Basi kila tawi linalovunjwa wakati wa kuchuma, na kila pigo la panga lililokosea tawi likapata shina, ni mlango. Ugonjwa huanza nchani au kidondani, tawi likakauka, kisha ukateremka. Mti uliopandwa na babu, wenye uwezo wa kuzaa mpaka wajukuu wazeeke, waweza kupotea upande mmoja kwa sababu ya mchumaji aliyekuwa na haraka siku moja ya msimu.

Tumeona kwa macho yetu, hapa nyumbani, mchumaji akipanda na panga kiunoni. Juu ya mti hakuna nafasi ya kulizungusha, mguu mmoja uko tawini na mkono mmoja umeshika. Hupiga mara tatu, nne, kwa pembe mbaya. Mbili zapata tawi, mbili zapata gome. Kisha hulitupa chini, na chini wako watoto wanaookota karafuu. Twasema wazi: panga lisipande mkarafuu. Mchumaji akihitaji makali juu, apande kwanza mikono mitupu, kisha apandishiwe kisu kwa kamba ndani ya pakacha, kikiwa katika ala yake. Tawi lililovunjika likatwe upya, kidonda kiwe laini, karibu na lilipoungana na tawi kubwa, bila kuchonga shina. Kijitawi kisichozidi unene wa kidole gumba kisu chatosha. Kinene zaidi ya hapo chataka msumeno mdogo. Asije mtu akagongea mgongo wa kisu kwa jiwe, kitavunjika na ataumia.

Chini ya miti panga lina heshima yake, hatulivunjii. Lakini mizizi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko juu juu. Karibu na shina palilia kwa mkono au kwa kisu, na panga lianzie nje ya hapo.

Wenye migomba nao wasikilize. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulitangazwa Uganda mwaka 2001 na ukaonekana Kagera mwaka 2006, na njia mojawapo ya kusafiri kwake ni panga lililotoka mgomba mgonjwa likaingia mgomba mzima. Chuma kipitishwe motoni mpaka kisishikike, au kisuguliwe kwa dawa ya klorini ya kufulia, kabla ya kwenda shina jingine.

Sasa tuje kwenye kununua. Kisu cha wastani, bamba lake lisizidi urefu wa mkono wako kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Likizidi, ncha haitakutii. Tazama mpini: chuma chenyewe kiingie mpaka mwisho wa mpini, kikazwe kwa misumari mitatu iliyogongwa pande zote mbili. Visu vingi vya bei rahisi vina mkia mfupi wa chuma uliotiwa ndani ya plastiki, navyo hukuachia mpini mkononi siku ya tatu. Panga ulipime hivi: simama wima, uning’inize mkono ulioshika panga. Ncha ibaki juu ya ardhi kiasi cha shibiri moja au zaidi. Likigusa chini ni refu kwako, hata kama ni zuri kwa jirani. Yale ya Ralph Martindale wa Uingereza, yenye alama ya mamba, wazee wengi wayakumbuka. Alama hiyo imeigwa sana, basi usinunue picha, nunua chuma.

Chuma kisichoshika kutu kinavutia kwa sisi watu wa pwani, kwa ajili ya chumvi ya hewa. Walakini chuma cha kawaida hunoleka kwa urahisi, na kutu huzuiwa kwa kukifuta na kukipaka mafuta ya nazi kidogo kila jioni. Sisi twapendelea hicho. Huko Bondeni ufuaji wa chuma si jambo geni: tangu zamani wahunzi wa Ukinga, katika milima ya Livingstone inayolitazama ziwa, waliwauzia Wanyakyusa majembe. Siku hizi mhunzi huchukua springi za gari kuukuu, akazifua visu na kuzitia matiko. Tulinunua kimoja sokoni. Sura yake si ya kujivunia, lakini hakijatuangusha.

Kunoa nako kuna tofauti. Panga chuma chake huwa laini kidogo kwa makusudi, ili lisimeguke likigonga jiwe. Linolewe kwa tupa, makali yawe manene. Kisu kinolewe kwa kinoo kilicholowa maji. Kwa kisu chenye upana wa inchi 1, inua mgongo wake kutoka kwenye kinoo kiasi cha unene wa penseli, ukiendeshe pande zote mbili sawasawa. Ukikilaza zaidi makali yatakuwa membamba na kupinda. Ukikiinua zaidi kitakuwa butu kama panga.

Basi jawabu. Mwenye shamba jipya, au lililoingia pori, anunue panga kwanza, maana kisu hakitamfikisha popote. Mwenye mikarafuu iliyokwisha kukua, ambaye chini pamesafishika, anunue kisu kwanza na panga aazime kwa jirani siku ya kufyeka. Mmoja wetu hakubaliani na hili. Yeye asema nyumba isiyo na panga si nyumba ya mkulima. Tumemwachia rai yake, lakini naye amekubali kuwa panga hilo halitapanda mti.

Kile kisu cha Kyela kiko ofisini, pamoja na ala yake. Mwanachama apendaye kukishika na kukipima mkononi kabla hajampelekea mhunzi wake mfano, na aje asubuhi yoyote siku ya kazi. Kinoo kipo, na maji yapo. Aje na kisu chake pia.