Mng'aro Hununuliwa kwa Rangi

Apitaye mitaani mwetu asubuhi ya Jumapili hakosi kuona gari limeegeshwa chini ya mwembe, mwenyewe amekunja mikono ya shati, ameshika mashine ya kung'arishia rangi na waya wake umetokea dirishani. Kazi hii zamani ilikuwa ya gereji. Siku hizi imeingia majumbani, nasi hatuna kinyongo nayo. Lakini liko jambo moja ambalo wengi wa washikao mashine hiyo hawakuambiwa walipoinunua.

Wengi hudhani kwamba dawa ile huziba mikwaruzo. Haizibi. Mkwaruzo ni mfereji mwembamba katika rangi, na mashine huuondoa kwa kuila rangi ya kandokando yake mpaka ikawa sawa na kina cha mfereji. Kila mng'aro, basi, hununuliwa kwa rangi, na rangi yenyewe si nyingi. Magari mengi ya leo yamepakwa juu kabisa utando mwangavu, ambao mafundi huuita klia, wenye unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani mwembamba kuliko unywele wa kichwa. Utando huo ndio unaoikinga rangi na jua. Ukishapunguzwa mno, jua letu hili huubabua na kuubandua, na hapo hapana dawa tena ila kulipaka gari upya. Zipo pia dawa zenye mafuta na nta ambazo hufunika mikwaruzo tu. Gari likioshwa mara chache, yote hurudi palepale.

Mwenye nia ya kuifanya kazi hii nyumbani na aanze kwa ukucha. Aupitishe juu ya mkwaruzo: ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, na mashine haitauondoa bila hasara. Ile myepesi iliyo kama utando wa buibui, ionekanayo jua likipiga boneti, ndiyo inayoondoka. Gari lioshwe vizuri kwanza, kwani punje moja ya mchanga ikinaswa katika sifongo la mashine itachora duara jipya kila mzunguko. Lisogezwe kivulini mpaka bati lipoe. Kisha achague mahali padogo, kama sentimita 50 kila upande, ajaribu kwa sifongo laini na dawa nyepesi kuliko zote alizo nazo. Ikitosha, asitafute kali zaidi. Mashine ipite polepole, njia moja ikiikanyaga nusu ya nyingine, na waya uwe begani usije ukaburuzwa juu ya rangi.

Sifongo likianza kubeba rangi ya gari, asimame. Huenda gari lake, hasa likiwa la zamani, halikupakwa klia tangu kiwandani. Huenda pia klia imekwisha. Yote mawili hutaka tahadhari.

Kuhusu ncha na kona tunasema kwa uchungu, maana yalitupata. Miaka kadhaa iliyopita tuliazima mashine ya kuzunguka tu, ile isiyoyumba, tukaituliza kwenye ukingo wa boneti kufuata alama moja iliyotukera. Ukingoni rangi huwa nyembamba, na uzito wote wa mashine huangukia mahali pafinyu. Joto likapanda, na kwa muda mfupi kuliko wa kuusoma mstari huu, bati jeupe likatuchungulia. Alama ile hakuna aliyekuwa akiiona isipokuwa sisi. Tangu hapo kingo zote twazibandika utepe wa karatasi kabla ya kuwasha umeme, na kwa asiye fundi twashauri mashine ile izungukayo huku ikiyumba, ambayo ni ya polepole lakini si rahisi kuunguza.

Hata hivyo, swali kubwa zaidi ni mikwaruzo hiyo hutoka wapi. Si barabarani, wala si paka wa jirani. Hutoka katika ndoo. Vumbi letu lina punje za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi yoyote, na kuliosha gari zima kwa tambara moja na maji yaleyale, au kulipangusa kavu kila asubuhi ili liingie kazini likimetameta, ni kulipiga msasa mdogo mdogo. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na kitambaa laini kisichookotwa sakafuni, vingeyaokoa mengi ya magari haya. Kijana anayeosha hulaumiwa bure. Tambara lile alipewa na mwenye gari, likiwa fulana kuukuu, tena akaambiwa afanye haraka.

Na Jumapili ikifika, mwenye gari huyohuyo huichomeka mashine yake dirishani.