Si Kila Chuo Chenye Jina Kinamfaa Mtoto

Sisi wanafunzi wa kutwa tuna bahati moja ambayo wenzetu wa bweni hawana. Jioni tunarudi nyumbani na kuwasikia wazazi wakibishana kuhusu masomo. Kwetu hapa Nakuru, ubishi mkali kuliko wote ulikuwa mapema mwaka 2023, dada yangu alipopata B katika KCSE ya 2022. Baba alichinja jogoo, kisha akatangaza mbele ya wajomba kwamba binti yake anaenda Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea uhandisi. Dada alinyamaza kimya. Fizikia alikuwa amepata C-.

Watu wengi hudhani kwamba ukipata C+ kwenda juu, milango ya vyuo vyote imefunguka. C+ inakufikisha langoni tu. KUCCPS, ambayo ndiyo hupanga wanafunzi vyuoni, haitazami gredi ya jumla peke yake. Kila kozi ina masomo yake manne, yanayoitwa klasta, na alama zake hupigiwa hesabu ambayo juu kabisa ni 48. Kwa uhandisi, Hisabati, Fizikia na Kemia hazikwepeki. Kwa hivyo mtu anaweza kupata A ya Historia na A ya Kiswahili, jumla yake ikawa B nzuri, na bado uhandisi ukamkataa. Tena kiwango cha kozi moja hubadilika toka chuo hadi chuo na mwaka hadi mwaka, kulingana na walioiomba na nafasi zilizopo.

Baba alipoelezwa haya hakukubali kushindwa. "Basi achukue kozi yoyote," akasema, "mradi iwe Nairobi."

Mama alikuwa akikata sukuma wiki. Hata hakuinua kichwa. Aliuliza tu, "Na akimaliza, ataitwa nani?"

Swali hilo lilitukalisha wiki nzima. Sisemi kwamba Nairobi ni chuo kibaya, la hasha! Binamu yangu anasomea udaktari huko na amepata mahali pake, maana shule ya udaktari iko jirani kabisa na Hospitali ya Kenyatta. Lakini chuo hicho hicho, kwa kozi ambayo mtoto ameisukumiwa ili baba apate la kusema kanisani, ni miaka minne ya kutazama saa ukutani.

Dada alikuwa na lake moyoni. Tuna ng'ombe wawili, na tangu darasa la sita yeye ndiye hushangaa kwa nini maziwa ya jioni huharibika kabla ya gari la kuyachukua kufika. Alitaka kusomea maziwa na vyakula, pale Egerton, Njoro. Baba alicheka. "Njoro? Si huko mtu huenda na matatu na kurudi kabla ya chakula cha mchana?" Kwake yeye chuo kikuu ni lazima kiwe mbali, mtoto asindikizwe na ukoo mzima. Hakujua kwamba Egerton kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, na kwamba kina shamba na ng'ombe wake. Kwa mtu wa maziwa, hayo ni kama hospitali kwa daktari.

Jumamosi moja walienda wote wawili. Dada aliniambia kwamba ofisini walipewa karatasi nzuri zenye picha, lakini habari yenyewe waliipata kwenye kibanda cha chai, kwa wanafunzi. Baba aliuliza maswali ya mzazi: vitanda vya hosteli vinatosha? (Havikutosha.) Chumba cha nje ni pesa ngapi? Mafunzo ya vitendo yapo kweli au ni ya daftarini? Jioni walipiga hesabu mezani. Nairobi ilikuwa na kodi ya chumba, chakula na nauli kila siku. Njoro, dada angeweza kuja nyumbani wikendi na kurudi na unga na maharagwe.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi husahau kuuliza. Kazi nyingine zina bodi zake. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Wahandisi, na mafunzo ya sheria husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Kama bodi haijaikubali kozi hiyo katika chuo hicho, jina la chuo halitakusaidia hata likiwa kubwa namna gani. Uliza bodi kabla hujalipa.

Wala usichague chuo cha karibu kwa sababu ni rahisi tu. Kama dada angetaka udaktari, na alama anazo, nadhani hata Mama angeuza ng'ombe mmoja.

Sasa dada yuko mwaka wa tatu Njoro, na Baba huwaeleza wajomba habari za bakteria wa mtindi kama kwamba wazo lilikuwa lake. Zamu imenifikia mimi. Majuzi, tukila, aliniuliza, "Na wewe, utaitwa nani?" Nilijibu kwamba nafikiria uhandisi. Akaniomba nimwonyeshe gredi yangu ya Fizikia ya muhula uliopita. Mwalimu wangu wa Fizikia, ukisoma haya, sasa unajua kwa nini siku hizi nakaa dawati la mbele.