Setilaiti huona wingu la radi gizani

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria huvua usiku usio na mwezi. Huwasha taa, na dagaa hufuata mwanga. Lakini giza hilo hilo huficha mawingu.

Katika ziwa hili, mawingu ya radi hutokea sana usiku. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto. Upepo hutoka nchi kavu pande zote, ukakutana ziwani. Hewa yenye unyevu hupanda kwa nguvu, na wingu hujengeka. Upepo wa wingu hilo huweza kupindua mtumbwi.

Nani huliona? Setilaiti huliona. Hicho ni chombo kilichorushwa angani, kilometa 36,000 hivi juu ya Ikweta. Huku kwetu hutumika sana Meteosat za nchi za Ulaya. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1977.

Usiku chombo hiki hakitegemei mwanga. Hupima mionzi ya joto. Ipua chungu motoni, kisha weka kiganja karibu nacho bila kukigusa. Utasikia joto, hata kama jikoni ni giza. Setilaiti hufanya kazi kama kiganja hicho.

Sasa, kumbuka Mlima Kilimanjaro. Una barafu kileleni kwa sababu huko juu kuna baridi. Kilele kina meta 5,895. Wingu la radi huweza kufika meta 15,000! Kichwa chake huwa na baridi ya nyuzi 60 au zaidi chini ya sifuri. Kwenye picha, ziwa lenye joto huonekana jeusi. Kichwa cha wingu huonekana cheupe.

Lakini mawingu mepesi ya juu sana nayo ni meupe, wala hayaleti radi. Kwa hiyo mtaalamu hulinganisha picha zinazofuatana. Doa jeupe likikua upesi, hilo ni la kuogopwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia picha hizi kutoa tahadhari. Sikiliza redio kabla ya kusukuma mtumbwi. Ukiwa ziwani ukasikia ngurumo, usingoje redio. Radi iko karibu. Rudi kwenye mwalo ulio karibu, uingie ndani ya nyumba. Usijifiche chini ya mti. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, ndipo urudi majini.