Nyumba ya kijijini Scotland inauzwa: Kwa nini bei ya tangazoni siyo utakayolipa

Kwenye simu tangazo linavutia. Nyumba ya mawe ya kijivu katikati ya mashamba ya Perthshire au Aberdeenshire, vyumba vinne vya kulala, jiko jipya, tanuri la kuni sebuleni, bustani inayoishia kwenye ukuta wa mawe na kondoo wanalisha upande wa pili. Maelezo yanasema imekarabatiwa yote, familia ni kuhamia tu. Chini yake kuna bei: "Offers Over £400,000".

Maneno hayo mawili kabla ya tarakimu ndiyo yanayowachanganya wengi, hasa waliozoea kutajiwa bei kisha wakaomba wapunguziwe. Scotland ni sehemu ya Uingereza, lakini ina sheria zake za ardhi na nyumba, tofauti na za England. Hapa muuzaji hajataja bei. Anachosema ni kwamba ofa zianzie pauni 400,000 kwenda juu.

Mnada usio na kelele

Mnunuzi wa Scotland hapeleki ofa yake mwenyewe. Inaandikwa na wakili wake, na inapokelewa na wakili wa muuzaji au dalali wake. Akiipenda nyumba, wakili wake kwanza anawaarifu wenzake kwamba ana mteja anayeitaka. Wakijitokeza watu kadhaa, muuzaji anapanga siku na saa ya mwisho ya kupokea ofa.

Kila mmoja anaandika kiasi chake bila kujua wenzake wameandika nini. Ni kama mnada wa watu waliofungwa macho. Hakuna kuongeza elfu moja moja hadi mwingine achoke: mtu anaandika mara moja, anasubiri simu. Na muuzaji halazimiki kuchukua ofa kubwa kuliko zote. Anaweza kumpendelea mwenye pesa mkononi, au anayeweza kuhamia tarehe inayomfaa yeye.

Ukiona tangazo limeandikwa "Fixed Price", hiyo ndiyo bei kamili, na mara nyingi anayewahi ndiye anayepata. Tena huko mashambani nyumba iliyokaa sokoni miezi mingi bila mteja inaweza kuuzwa hata chini ya kiwango kilichoandikwa. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza dalali ni nyumba imetangazwa tangu lini, siyo ina vyumba vingapi.

Muuzaji akikubali kwa mdomo, biashara bado. Mawakili wanaandikiana barua za masharti mpaka pande zote zikubaliane kila kipengele. Barua ya mwisho ikishatoka, mkataba umefungwa, na anayejitoa baada ya hapo anaweza kudaiwa fidia.

Pengo lisilozibwa na benki

Tangu Desemba 2008, nyumba nyingi zinazouzwa Scotland lazima ziwe na ripoti inayoitwa Home Report. Anayeilipia ni muuzaji. Ina ukaguzi wa mtaalamu wa majengo pamoja na thamani aliyoikadiria, ina taarifa ya matumizi ya nishati, na ina maswali ambayo muuzaji mwenyewe anayajibu kuhusu nyumba yake. Kila sehemu ya jengo inapewa namba: 1 ni salama, 2 itahitaji kutengenezwa baadaye, 3 ni ya haraka. Nyumba inapoingia sokoni, ripoti haitakiwi kuwa imepita wiki 12.

Wengi wanaikimbilia ile thamani na kuacha kurasa nyingine zote. Thamani ni muhimu kweli, kwa sababu ndiyo benki inayoitazama inapotoa mkopo. Benki haijali mnunuzi ameandika nini kwenye ofa kwa kuwa ameipenda nyumba.

Chukua mfano wa kufikirika. Nyumba imetangazwa kuanzia pauni 400,000, ripoti inasema thamani yake ni 410,000, na familia imeshinda kwa ofa ya 430,000. Benki imekubali kukopesha asilimia 90 ya thamani, yaani 369,000. Zilizobaki ni pauni 61,000, na zote zinatoka mfukoni. Kati ya hizo, 20,000 ni pengo tupu kati ya thamani na ofa, ambalo halipati mkopo wa nyumba. Familia iliyojiandaa na akiba ya asilimia 10 peke yake inakwama hapa, tena baada ya kushinda.

Imekarabatiwa, sawa. Karatasi ziko wapi?

Nyumba nyingi za mashambani Scotland ni kuukuu. Kuta zake ni nene, zimejengwa kwa mawe na chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Fundi akija na plasta ya saruji akaziba ukuta wote, unyevu unabaki ndani, na baada ya muda mbao zinaanza kuliwa na kuvu. Picha za tangazo hazionyeshi hilo. Rangi mpya nyeupe inaficha mengi.

Kwa hiyo neno "imekarabatiwa" linahitaji ushahidi. Aliyevunja ukuta unaobeba nyumba, akaongeza chumba au akageuza dari kuwa vyumba vya kulala, alitakiwa kupata kibali cha ujenzi cha halmashauri kabla ya kuanza na cheti cha kukamilika alipomaliza. Wakili wa mnunuzi ataviomba vyote viwili. Vikikosekana, benki inaweza kusita, na hata mnunuzi akipata pesa, tatizo litamsubiri siku atakapotaka kuuza yeye.

Jengo likiwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, yanayopangwa daraja A, B na C, mambo yanakuwa mazito zaidi. Kubadilisha madirisha ya zamani bila idhini ni kosa, na halmashauri inaweza kumtaka mwenye nyumba wa sasa ayarudishe, hata kama aliyeyang'oa ni mtu wa kabla yake.

Kuna mtego mwingine. Zizi au ghala lililogeuzwa kuwa nyumba na kuuzwa kwa mara ya kwanza halilazimiki kuwa na Home Report. Hapo mnunuzi mwenye busara analipa mkaguzi wake mwenyewe.

Maji, choo na barabara

Jijini Glasgow hakuna anayeuliza maji yanatoka wapi. Kijijini lazima kuuliza. Nyumba nyingine zinatumia chemchemi au kisima, wakati mwingine kwa kushirikiana na jirani, na maji hayo yanatakiwa kupimwa. Maji taka yanaishia kwenye tangi lililofukiwa bustanini, na nyumba inapouzwa tangi hilo lazima liwe limesajiliwa kwa mamlaka ya mazingira, SEPA. Pasipofika bomba la gesi, joto linatokana na mafuta yanayokaribia kabisa mafuta ya taa, yanayoletwa na lori na kujazwa kwenye tangi la nje. Bili ya baridi ya Januari siyo mchezo, kwa hiyo ile taarifa ya nishati isomwe.

Na njia ya kuingilia ni ya nani? Ikiwa inapita kwenye shamba la mtu, hati inapaswa kuonyesha haki ya kupita na nani anachangia kuitengeneza. Mnunuzi naye asishangae kuona wageni na mbwa wao wakikatiza kwenye malisho yake. Sheria ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi ya wengine kwa ustaarabu, isipokuwa eneo la karibu na nyumba na bustani.

Mwenye nyumba Afrika Mashariki

Hakuna sheria inayomzuia mgeni kununua nyumba Scotland, ingawa kuinunua hakumpi viza. Kinachouma ni kodi.

Kodi ya ununuzi, LBTT, ilianza Aprili 2015. Pauni 145,000 za kwanza hazitozwi kitu, kuanzia hapo hadi 250,000 ni asilimia 2, hadi 325,000 asilimia 5, na hadi 750,000 asilimia 10. Kwa nyumba ya pauni 430,000 inafika 16,350.

Lakini kuna nyongeza kwa anayenunua nyumba huku akiwa na nyingine. Tangu 5 Desemba 2024 ni asilimia 8, tena ya bei yote. Wengi hawajui kwamba nyumba hiyo nyingine inaweza kuwa popote duniani. Familia inayopanga Edinburgh, isiyowahi kumiliki hata chumba Scotland, lakini ina nyumba Kigamboni au Kitengela yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, inahesabiwa kuwa inanunua ya pili. Haisaidii kusema nyumba ya Kitengela ni ya mke peke yake, kwani wanandoa wanahesabiwa kitu kimoja. Kiwanja kitupu hakihesabiwi.

Kwenye mfano wetu nyongeza hiyo ni pauni 34,400. Ukijumlisha na LBTT ya kawaida na zile 61,000, familia inahitaji pauni 111,750 taslimu kabla hata ya kumlipa wakili. Anayeuza makazi yake makuu ili kununua mengine anaweza kusamehewa nyongeza au kurudishiwa kwa masharti, lakini aliyekuwa mpangaji hana makazi aliyouza.

Swali la nyumba ya nyumbani, basi, linaulizwa kwa wakili kabla ya kuandika ofa. Bila kodi hiyo kulipwa au kupangiwa utaratibu unaokubalika, jina la mnunuzi haliandikwi kwenye daftari la ardhi.