Tasnifu ya Hisabati Hupimwa kwa Kigezo Gani

Tuzo ya tasnifu bora ya uzamivu katika hisabati hutolewa kila mwaka na vyama vya wanahisabati vya nchi kadhaa, Kanada ikiwamo. Barani Afrika, inayokaribiana na hiyo ni Tuzo ya Ibni Oumar Mahamat Saleh, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa wanahisabati vijana wa Afrika ya Kati na ya Magharibi. Ibni, mwanahisabati na mwanasiasa wa Chad, alikamatwa N'Djamena Februari 2008, asionekane tena. Pwani ya Lindi haimo katika eneo la tuzo hiyo, lakini ina mfano mzuri wa kile ambacho majaji hukitafuta.

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004. Hupita kwenye bomba kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Funga, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam. Njiani msuguano hupunguza mgandamizo, nayo gesi hutanuka na kuongeza mwendo. Ndiyo maana, katika bomba la kipenyo kimoja, kinachoshuka kwa kiwango kilekile kila kilomita si mgandamizo bali mraba wake. Tuseme mgandamizo unaanza na vizio 100 na kuishia na 60. Katikati ya njia mtu angetarajia 80. Lakini mraba wa 100 ni 10,000 na wa 60 ni 3,600. Wastani wa hiyo miwili ni 6,800, na kipeuo chake cha pili ni kama 82.5.

Hesabu hiyo ni ya mhandisi, na imo vitabuni tangu zamani. Tasnifu iliyoishia hapo haipati hata shahada, sembuse tuzo. Kazi ya mwanahisabati huanza vali inapofungwa ghafla. Hapo mgandamizo hubadilika kila sekunde, na kabla ya kompyuta kupewa milinganyo yake, ni lazima ithibitishwe kwamba jibu lipo, kwamba ni moja tu, na kwamba kosa dogo la kipimo Somanga Funga halizai kosa kubwa Ubungo. Masharti hayo yanatokana na kazi ya Mfaransa Jacques Hadamard ya mwaka 1902. Mtafiti anayeyathibitisha pale wengine waliposhindwa, au anayeonyesha kuwa mojawapo linavunjika, ana jambo la kupeleka mbele ya majaji. Unene wa tasnifu haumsaidii.

Hisabati ya mienendo ya vimiminika na gesi ina historia yake Tanzania. Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata uzamivu wa hisabati, alijikita humo. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Tangu mwaka 2002 mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ulioanzishwa kwa ufadhili wa kutoka Uppsala, Sweden, umewawezesha wengine kuifikia shahada hiyo bila kuhama ukanda huu.